Noeli Bukavu na sanduku la sindano

Jumapili, 18 Desemba 2022. Ujiji hadi Bujumbura

Nimetoka Ujiji alfajiri kwenda Bukavu, Kongo, kabla baba watoto hajabadili mawazo. Alikubali tangu Oktoba, ila kukubali Oktoba na kukubali asubuhi ya safari ni mambo mawili. Mizigo ni miwili: begi la nguo, na sanduku la bati lenye sindano, bobini (vigurudumu vya uzi wa chini), springi, skrubu, mikanda minne ya ngozi na chupa sita za mafuta meupe ya cherehani. Sanduku ni zito kuliko begi mara tatu.

Niseme mapema ili tusisumbuane: mimi sishoni. Natengeneza cherehani. Ukiniletea kitambaa nitakurudishia kitambaa. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja Mkongo aliyekuwa akikaa barazani Mwanga, pale Kigoma mjini. Alikimbia Bukavu Oktoba 1996, wiki ileile askofu mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa, akavuka ziwa na maelfu ya wenzake, akafikia kambi ya Nyarugusu, kisha kwa njia zake mwenyewe akaja mjini. Sisi wanafunzi tulimcheka kwa maneno yake. Bobini aliita kaneti. Mkanda aliita kurua. Vipuri aliita mapiyesi. Tulidhani ni ulimi wa uzee. Ana miaka saba kaburini sasa.

Mwezi wa tisa alipita kibandani kwangu mtawa mmoja wa kike, masere kama wanavyosema kwao, aliyekuja Kasulu kuona ndugu zake. Alikuwa anatafuta sindano. Tukaongea mpaka chai ikapoa. Kituo chao cha kushona Bukavu kina mashine 14, zinazokwenda hazifiki nusu, na Noeli ndiyo hiyo inakuja. Mshahara hakuna, ila kitanda, chakula na nauli vipo. Nikasema ndiyo kabla sijakumbuka kwamba Desemba ndio mwezi wangu wa fedha, na kwamba mimi ni Muislamu. Shemeji yangu aliuliza: "Unaenda kujitolea au unaenda kujipoteza?" Sikumjibu, na mpaka sasa tuko Bujumbura bado sijapata jibu.

Njiani hakuna la ajabu. Mpakani Manyovu tulivuka mapema, saa nikairudisha nyuma saa moja, Kiha changu na Kirundi chao vikaelewana. Michikichi ya Rumonge mirefu kuliko ya kwetu. Mafuta ya gari ni adimu Burundi mwaka huu; dereva wetu aliingia uani kwa mtu akatoka na kidumu, hatukuuliza. Jioni nimekaa ukumbini katika nyumba ya wageni kuangalia fainali ya Kombe la Dunia. Ukumbi mzima ulikuwa wa Ufaransa. Tatu kwa tatu, kisha penalti, Argentina nne, Ufaransa mbili. Mwenye nyumba alizima televisheni kabla kombe halijainuliwa.

Jumatatu, 19 Desemba. Bujumbura, Uvira, Ngomo, Bukavu

Siku ndefu. Gatumba nyumba zimesimama majini tangu ziwa na mto vilipopanda, na watu wanapita katikati na baiskeli kana kwamba maji ndiyo yalitangulia kuwapo. Mpakani sindano zangu zilihesabiwa pakiti kwa pakiti. "Hizi ni za hospitali?" Nikamwonyesha tundu liko kwenye ncha, si kwenye shina. Akaiangalia juani, akamwita mwenzake naye aangalie. Nadhani hawakuwa na shaka, walitaka tu kuiona.

Uvira nilibadilisha gari. Tuliketi wanne kwenye kiti cha watatu. Jirani yangu alikuwa mama mwenye kapu la samaki wakavu, mcheshi, akiniita "Mama Kigoma" tangu aliposikia nimetoka wapi. Jina hilo limenifuata mpaka mwisho wa safari na sijui lilinitangulia kwa njia gani. Vijana wa nyuma walikuwa bado wanabishana juu ya Mbappé, mabao matatu katika fainali na bado umeshindwa. Tulipofika Sange yule mama akapunguza sauti. Hapa, akasema, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipinduka jioni. Wako waliokwenda kuchota, na wako waliokuwa wamejazana kibandani wanaangalia mechi, Kombe la Dunia lile la Afrika Kusini. Moto uliua watu zaidi ya 200. Gari likanyamaza mpaka nyumba zikaisha. Kisha mmoja nyuma akasema polepole, "Lakini ile penalti ya kwanza…" na maisha yakaendelea.

Kamanyola tambarare inaisha. Kutoka hapo kuna njia ya mlima, Ngomo, na sina cha kuilinganisha nayo. Ukuta upande mmoja, hewa upande wa pili, na chini kabisa mto Ruzizi kama uzi uliodondoka. Lori likija, mmoja wenu anarudi kinyumenyume. Mvua ilianza tukiwa katikati. Dereva alisimamisha gari, akavua viatu, akasema anasikia pedeli vizuri zaidi akiwa miguu mitupu. Sikuuliza lolote tena hadi Nyangezi.

Bukavu tumeingia giza likianza. Baridi! Ziwa la kwetu liko mita 770 na kidogo juu ya usawa wa bahari, hili la Kivu ni 1,460, na tofauti yote nimeihisi magotini. Masere alikuwa ananisubiri na mwavuli. Nilipofungua sanduku nikakuta maji yameingia. Lilisafiri juu ya paa na turubai lilikuwa la heshima tu. Tumekaa jikoni hadi karibu usiku wa manane, mimi na masere wawili, tunafuta sindano moja moja kwa kitambaa chenye mafuta. Mmoja wao alikuwa akisali huku anafuta. Tumeokoa karibu zote.

Jumanne, 20 Desemba

Nimekagua mashine. Kati ya 14, tisa ni za kukanyaga kwa mguu na tano ni za umeme, zawadi kutoka Ulaya. Za mguu, zinazoshona ni tatu. Za umeme, hakuna.

Hizi za umeme zimenitia hasira kidogo. Nzuri, nyeupe, kila moja ina mishono ishirini na kitu imechorwa kifuani, na mwilini ni plastiki. Umeme hapa unakuja na kuondoka, na ukija unakuja dhaifu au kwa kishindo. Pedeli tatu zimeungua. Gurudumu lake halina mfereji wa kupitisha mkanda, kwa hiyo hata kuiweka juu ya meza ya kukanyagia haiwezekani. Aliyezituma alituma kwa moyo, sina shaka, lakini hakuuliza ukutani kuna nini. Zimefunikwa shuka na juu yake kuna sanamu ya Bikira Maria. Nimesema zibaki hapohapo.

Kazi iliyopo: nguo 62 za kwaya ya watoto wa parokia, gauni 40 na mashati 22, zote za kikwembe kimoja chenye ndege wa bluu. Kikwembe ndicho kitenge. Zinatakiwa Jumamosi mchana. Zilizokwisha leo ni 11.

Jumatano, 21 Desemba

Asubuhi nimewakusanya wasichana, 12, wawili wana watoto mgongoni, nikaweka mashine ya kwanza mezani tumbo juu. Nikaanza kama ninavyoanza siku zote: hii ni bobini. Wakanitazama. Nikaishika juu, bobini. Kimya. Msichana mmoja mdogo wa umbo, anayekaa kwenye mashine ya dirishani, akasema kwa upole kama mtu anayemsaidia mgeni:

"Mama, ile ni kaneti."

Niliweka bisibisi chini. Nikauliza, na huu? "Kurua." Na hivi vyote ndani ya kopo? "Mapiyesi." Wakaanza kucheka kwa sababu mimi nilikuwa nacheka, na hawakujua nacheka nini, na mimi sikuwa na hakika nacheka. Miaka yote ile barazani Mwanga tulimrekebisha mzee wa watu. Alikuwa anaongea sawasawa. Sisi ndio tulikuwa mbali.

Basi kwa siku zilizobaki ikawa kaneti.

Mashine zenyewe hazikuwa na ugonjwa mkubwa. Mbili zilikuwa zimekaza kabisa, gurudumu haligeuki. Nikanusa: mafuta ya mawese. Mafuta ya cherehani yakiisha watu wanatia ya jikoni, na ya jikoni yakikaa mwezi yanakuwa gundi. Hii naijua, hata Ujiji wapo wanaotia ya alizeti. Dawa yake ni kuosha kwa mafuta ya taa, kungoja, kugeuza, kuosha tena, kufuta, ndipo uweke mafuta meupe. Nikaomba mafuta ya taa. Hawayajui. Masere akasema, "Tuko na petroli, inafaa?" Nikaruka. Petroli! Chumbani kuna mshumaa, kuna watoto wawili, na juzi tu nimepita Sange. Nikasema hapana, na ikiwa iko humu ndani itolewe nje sasa hivi. Wakaitoa mbio. Baadaye nikaenda nje kuinusa ile chupa, na ilikuwa mafuta ya taa. Petroli yao ni mafuta ya taa ya kwetu. Petroli ya kwetu wao wanaiita esansi. Nimewaambia masere kwamba neno moja hili lingeweza kuunguza nyumba ya watawa au kupoteza siku nzima, na limepoteza saa mbili tu, tushukuru.

Nyingine tatu zilikuwa zinaruka mshono. Hapa msichana wa dirishani alinishangaza. Alisema mashine ilianza kuruka "tangu ile sindano mupya." Nikatoa sindano: shina lake duara kotekote, sindano ya mashine ya kiwandani. Mashine hizi za nyumbani zinataka shina lililobapa upande mmoja, ule ubapa ndio unaoiweka sindano mahali pake. Ukiweka ya duara inaingia, inakaza, na inashona vibaya, na hutajua kwa nini. Muuzaji aliyewauzia hakuwadanganya, aliwapa sindano. Ni kama mtu anayeomba kiatu akapewa kiatu.

Ya sita ilikuwa kazi ya mchana mzima. Kikamata uzi cha chini na sindano vilikuwa vimepishana. Ili ielezeke: sindano ikishuka hadi mwisho, kisha ikipanda kama milimita mbili, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu, na ni hapohapo, si kabla si baada, ncha ya kile cha chini inatakiwa kupita ndani ya kitanzi. Nimewaita wote waangalie nikizungusha gurudumu kwa kidole. Wengi walichoka. Yule wa dirishani aliomba azungushe yeye. Akazungusha mara kumi, kumi na tano, haongei. Nimempa jina, Mapiyesi, kwa sababu tayari ndiye anayetunza kopo.

Zile mbili zilizokaza bado, lakini mashine saba sasa ni nzima. Moja ya hizo haina mkanda, na mikanda yangu minne imekwisha.

Alhamisi, 22 Desemba

Soko la Kadutu. Bukavu imekaa milimani, na kutoka kituoni hadi sokoni tulishuka ngazi za udongo na kupanda za mawe, kisha kinyume chake, mvua ya jana bado inateleza. Wenyeji wanatembea na kreti kichwani. Mimi nilishika mkono wa Mapiyesi kama bibi yake.

Nilitaka kubadilisha noti yangu ya dola 20. Mwanamke wa meza ya kubadilishia pesa akainyanyua juani, akanionyesha tundu lisilozidi kichwa cha pini, akanirudishia. Wa pili vilevile. Wa tatu aliikataa kabla hajaishika. Na faranga wanazokupa wao zimelainika kama leso! Dola lazima iwe bikira, faranga inaweza kuwa bibi kizee. Mwishowe masere alinibadilishia mwenyewe. Sijui yeye ataifanyia nini.

Mikanda ya cherehani hatukuipata. Mapiyesi akanipeleka kwa kordonye, fundi viatu, kijana aliyekaa kwenye ngazi na kisu chembamba. Nikamchorea unene chini kwa kidole. Alikata ngozi ya ng'ombe kamba mbili ndefu, zikiwa sawa toka mwanzo hadi mwisho, bila rula, huku akiongea na mtu mwingine juu ya bei ya kuku. Nimeona mafundi wengi. Huyu ningemchukua Ujiji.

Kurudi tulipanda pikipiki, mimi nyuma ya motari mmoja na Mapiyesi nyuma ya mwingine. Sehemu fulani ziwa likaonekana lote, rasi za mji zimeingia majini kama vidole vya mkono uliotandazwa. Pembeni chupa za plastiki zilikuwa zimejikusanya zulia zima. Motari akaniambia bila kuulizwa kwamba zile zinaelea polepole hadi mahali Ruzizi unapotokea ziwani, kwenye bwawa la umeme la tangu miaka ya 1950, zinaziba, watu wanaingia na mitumbwi kuzitoa, na siku nyingine ndiyo sababu ya giza. Ruzizi unatoka hapo unashuka hadi Tanganyika. Kwa hiyo zile zinazopenya zinakuja kwetu. Nimekumbuka chupa za ufukweni Kibirizi ambazo siku zote tunawalaumu wavuvi wetu.

Ijumaa, 23 Desemba

Umeme haukuwepo tangu asubuhi. Mashine nane za mguu zimekwenda mfululizo na chumba kilikuwa na mlio kama mvua ya bati. Ya tisa imekataa. Ina ufa kwenye chuma chenyewe, hiyo si kazi ya bisibisi. Nimeivunja ili iwe mapiyesi.

Saa kumi jioni ikagundulika kwamba gauni sita zimekatwa kitambaa kikiwa kimegeuzwa. Ndege wote wanaruka kichwa chini. Aliyekata alianza kulia. Kitambaa cha ziada hakuna, duka limefunga, na hata lingekuwa wazi bei imeshapanda kwa sikukuu. Masere mkuu aliitwa, akaziangalia gauni kwa muda mrefu, akiwa na miwani, kisha bila miwani.

"Hawa ndege banashuka," akasema. "Usiku wa Noeli kulikuwa malaika banashuka. Mushone."

Wakashona. Watoto sita wafupi zaidi watasimama mstari wa mbele, maana masere amesema kitu kama hicho hakifichwi nyuma.

Tuliendelea hadi usiku kwa mishumaa na tochi za simu. Kazi yangu ilikuwa kupita na kopo la mafuta na kusikiliza. Mashine inayotaka kuharibika inabadilisha sauti kwanza. Kuna wakati sote tulikuwa kimya na mmoja wa wale wenye watoto akaanzisha wimbo wa Kimashi, wengine wakapokea, na miguu ikafuata, nane kwa pamoja. Nilifikiri nitaandika zaidi juu ya hilo lakini nimechoka. Nguo 49.

Jumamosi, 24 Desemba

Watoto walianza kuja saa tano asubuhi, walitakiwa saa nane. Walikaa mstari kwenye ukuta nje, wakichungulia mmoja mmoja, na kila aliyechungulia aliripoti kwa wenzake: "Ya kwangu haiyaisha!"

Saa sita mashine ya dirishani ikakata uzi. Ikakata tena. Nilikuwa mbali, nimeshika shati la kutia vifungo (nimesema sishoni, vifungo si kushona). Nilipofika Mapiyesi alikuwa ameshafungua bamba, ametoa kaneti, amepata kipande cha uzi wa zamani kimejisokota chini yake kama kiota. Alikitoa kwa pini ya nywele. Hakunitazama. Akakanyaga, ikaenda, na mimi nikarudi kwenye vifungo vyangu kwa haraka kuliko ilivyohitajika.

Mpaka saa tisa na nusu nguo 62 zilikuwa zimetoka. Mashati matatu yamevaliwa bila vifungo, kwa pini za ndani. Sioni haja ya kuficha.

Misa ya Noeli haikufanyika usiku wa manane, walisali mapema jioni ili watu warudi makwao kukiwa na mwanga kidogo. Usiku wa hapa una hesabu zake. Nilikaa benchi la nje karibu na mlango, kanga kichwani, na hakuna aliyenishangaa. Kwaya ilipoingia nilitazama mishono tu. Nakiri. Mtoto wa tatu kutoka kushoto upindo ulikuwa umeachia, nikakumbuka ni mashine ya nne, mvutano wa uzi wa juu umelegea. Kisha wakaimba, na wale sita wa mbele na ndege wao wanaoshuka wakaanza kucheza, na upindo ukaachia zaidi, na mtoto akaushika kwa mkono mmoja akaendelea kucheza.

Nilipiga simu nyumbani. Baba watoto amepika wali umeungua chini. Anasema wateja watatu wamekuja, mmoja kakasirika kaenda kwa fundi mwingine. Mdogo wangu wa mwisho akauliza kama huku kuna theluji, ameona kwenye televisheni Noeli ina theluji. Nikamwambia ipo baridi, theluji hapana.

Jumapili, 25 Desemba

Masere mkuu alikuja asubuhi na jogoo hai chini ya kwapa. "Mama Kigoma, kuku hii hatuwezi kuchinja sisi, ili ukule pamoja na sisi. Uchinje weye." Kidini naruhusiwa, ila maishani mwangu kuku wamechinjwa na baba, kisha na mume. Jogoo alinitazama. Akatafutwa jirani Muislamu, mzee wa kofia, akaja, akachinja, akakataa kulipwa, akabaki kula. Bugali wa muhogo, sombe (kisamvu), sambaza (dagaa wa kwao) wa kukaanga, yule jogoo. Tulikuwa watu 19 mezani na mwalimu mmoja wa sekondari aliyeuliza kwa nini Watanzania tunasema "naomba" hata tunapodai haki yetu. Mjadala huo ulichukua chakula chote.

Mchana mji mzima ulikuwa barabarani kuonyesha nguo. Nimewahesabu ndege wa bluu 20 na kitu kabla mvua haijawafukuza.

Kuanzia 26 hadi 31 Desemba

Siku hizi zimefanana. Asubuhi tunafungua mashine, jioni tunazifunga. Nimechukua wasichana wanne tu waliotaka, maana kumfundisha asiyetaka ni kumchosha na kujichosha. Kila mmoja amefumua mashine nzima na kuirudisha. Wa kwanza alibakiwa na skrubu mbili mkononi na mashine ikashona hata hivyo, tukaamua kutolizungumzia.

Tarehe 28 nilikwenda Kadutu kuulizia nyumba ya mzee wangu. Nilikuwa na jina lake, kazi yake, na maneno aliyozoea kusema: "nyumba ya bati jekundu, chini ya soko, ukisikia mashine." Chini ya soko bati zote zimekuwa za kutu. Vizee wawili walifikiri wanamjua, mmoja akasema alikuwa mrefu, mwingine mfupi. Sehemu moja kilima kimemeguka na nyumba kadhaa zilienda nacho, mwaka gani kila mtu ana wake. Nilizunguka hadi viatu vikajaa tope. Nilimsikia fundi mmoja ndani ya kibanda akimfokea kijana wake: "Kaneti! Nilisema kaneti!" Nikasimama pale kidogo, nikajifanya natoa tope kwenye kiatu.

Jumapili, 1 Januari 2023

Huku mwaka mpya una nguvu kuliko Noeli. Watoto wanapita mlango kwa mlango, "Bonane! Bonane!", na usipotoa kitu wanasimama tu wanakutazama. Nilitoa bobini tupu zilizopinda. Wamezipenda, wamezifanya magurudumu.

Jumatatu, 2 Januari. Kurudi

Masere wamenipa kikwembe, jibini, na ile noti yangu ya dola 20 yenye tundu, imekunjwa vizuri ndani ya bahasha. Sanduku limebaki na Mapiyesi. Lilikuwa zito kwenda, na ajabu kurudi bila kitu mkononi kumenichosha zaidi. Nililishika hewani kila gari liliporuka.

Tulikuwa tunaanza kushuka Ngomo simu ilipolia. Ujumbe wa Mapiyesi: "Mama Kigoma, ya dirishani inaruka tena. Nimebadilisha sindano, bado."

Nikaandika: "Ubapa umeangalia wapi?"

Mtandao ukakatika. Tulishuka mlima wote, dereva wa leo amevaa viatu, Ruzizi ukawa mpana kila kona, Kamanyola, Luvungi, Sange. Uvira simu ikashtuka mfukoni.

"Ilikuwa imegeuka. Sasa inashona. Masere anauliza, Pasaka utaleta kurua ngapi."